Mirathi ya Mtu Aliye Hai

"Stelingi yuko wapi?"

Aliyeuliza ni kijana mmoja aliyekaa benchi la mbele yangu, yapata dakika ishirini baada ya picha kuanza. Tulikuwa kibanda umiza, Dar es Salaam, miezi michache baada ya The Bourne Legacy kutoka. Mabenchi ya mbao, feni moja inayozungusha joto lile lile, na sauti ya mtafsiri juu ya sauti za wazungu, mmoja wa wale mafundi wetu wanaoweza kumfanya ofisa wa CIA aongee kama mjumbe wa nyumba kumi. Kwenye skrini mwanamume mwenye ndevu alikuwa anaruka kutoka jabali moja hadi jingine kwenye theluji ya Alaska. Alikuwa anaruka vizuri tu, sina ugomvi naye. Ila yule kijana hakumhesabu. Alilipa kiingilio amwone Bourne, ambaye mtafsiri alikuwa anamwita Boni, na huyu mwenye ndevu hakuwa Boni.

Baadaye ikatokea picha ya Matt Damon. Picha ya mnato, skrini ndani ya skrini, sekunde chache tu. Kibanda kikalipuka. "Huyo sasa!" Watu wakajiweka sawa kwenye mabenchi kama wageni wa harusi waliosikia sahani zinagongana jikoni. Tukasubiri. Boni hakuja. Picha ikaisha, taa ikawashwa, na mzee mmoja akasimama mlangoni akasema, "Wametuuzia sanduku, nguo hazimo."

Nimeirudia filamu hii mara kadhaa tangu siku hiyo, ya mwisho wiki mbili zilizopita. Na nimefika mahali ninaweza kusema hivi: kibanda kile kilikuwa na haki kabisa ya kulalamika, ila kilimlaumu mtu asiyehusika. Tulimkataa Aaron Cross kwa sababu hakuwa Jason Bourne. Kumbe kosa la filamu ni kwamba haikumwacha Aaron Cross awe Aaron Cross mpaka mwisho.

Nyumba ilivyobaki bila mwenyewe

Kwa ambao hawakufuatilia: filamu tatu za kwanza ni The Bourne Identity (2002) ya Doug Liman, kisha The Bourne Supremacy (2004) na The Bourne Ultimatum (2007), zote mbili za Paul Greengrass. Zote zilimfuata mtu mmoja, aliyeokotwa baharini na wavuvi akiwa na risasi mgongoni na kichwani hana hata jina lake. Mpaka Ultimatum inaisha ameshajua yote: jina lake la kuzaliwa ni David Webb, na kazi ile ya kuua aliikubali mwenyewe. Filamu hiyo ya tatu ilichukua tuzo tatu za Oscar, za uhariri na za sauti, na iliingiza takriban dola milioni 444 duniani.

Kisha mambo yakakwama. Greengrass akajitoa, na Damon naye alishasema bila Greengrass hayumo. Studio ya Universal ikabaki na jina kubwa lisilo na mwenyewe. Ikamwita Tony Gilroy, aliyeshiriki kuandika filamu zote tatu, na ambaye kwa Michael Clayton (2007) alishaonyesha kwamba hata kuongoza anaweza.

Gilroy, akiandika pamoja na mdogo wake Dan, hakutafuta mtu wa kumvisha jina la Bourne. Alifungua mlango wa chumba cha pili katika nyumba ile ile. Kumbe wakati Bourne anawatoa jasho wakubwa wa CIA, kulikuwa na programu nyingine inaitwa Outcome, yenye majasusi wanaoishi kwa vidonge: vya kijani kwa ajili ya mwili, vya bluu kwa ajili ya akili. Bourne anapofumua siri, wakubwa wanaogopa moto usije ukafika huko. Eric Byer (Edward Norton), kanali mstaafu mwenye sauti ya mhasibu, anaamua kufuta kila kitu, majasusi pamoja na wanasayansi wao. Jasusi mmoja anaponyoka, Aaron Cross (Jeremy Renner). Mwanasayansi mmoja anaponyoka, Daktari Marta Shearing (Rachel Weisz). Hao wawili wanakutana, wanakimbia, wanaishia Manila.

Filamu ilitoka Marekani Agosti 2012. Kibiashara haikuanguka: iliingiza takriban dola milioni 276 duniani. Lakini pembeni ya zile 444 za Ultimatum, unaona watu wangapi walibaki nyumbani. Watazamaji wa Marekani, waliopimwa na CinemaScore wakitoka ukumbini, waliipa B. Kwa filamu ya aina hii, ambayo watu wanaingia wakiwa wameshaamua kuipenda, B ni kama mwalimu kukuandikia "ongeza bidii" kwenye ripoti. Wahakiki nao waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Na ukisoma malalamiko ya wakati ule, ni yale yale ya kibanda chetu, lugha tu tofauti: inachelewa kuanza, watu wanaongea sana ofisini, adui mkuu hakutani na stelingi, haina mwisho, na Damon yuko wapi?

Hilo la mwisho ndilo lililomeza mengine yote. Ukishakuwa na swali hilo kichwani, kila kasoro nyingine inaonekana ni mtoto wake.

Cheo na mtu

Mtu atauliza: mbona James Bond kila baada ya muda anabadilishwa na maisha yanaendelea? Ni kweli, ingawa hata huko hakukuwa na raha siku zote. Sean Connery alipoondoka, kazi akapewa George Lazenby, kijana wa Australia aliyetokea kwenye matangazo ya biashara, na On Her Majesty's Secret Service ya 1969 ikaanza kwa Bond mwenyewe kutania kuhusu yule jamaa mwingine. Lazenby alidumu filamu moja. Mwaka 1971 Connery alikuwa amerudi. Leo wapenzi wengi wa Bond wanaihesabu ile ya 1969 miongoni mwa filamu bora za mfululizo mzima, lakini ilibidi ipite miaka mingi. Hata Daniel Craig alipotangazwa mwaka 2005, watu walimcheka kwa nywele zake tu, eti Bond gani kichwa cha njano. Casino Royale ilipotoka mwaka uliofuata, vicheko vikaisha.

Kwa hiyo watazamaji wanaweza kumpokea stelingi mgeni. Tofauti, nadhani, ni kwamba Bond ni cheo. 007 ni namba ya kazi, kama kiti cha mwenyekiti wa kijiji au mimbari ya imamu: leo yuko huyu, kesho yule, na watu wanapanga safu nyuma yake. Anakuja na suti yake, kinywaji chake, gari lake na bosi wake M, na ukishaviona hivyo vyote unajua uko nyumbani.

Bourne hana vitu hivyo. Anavaa koti la mtu yeyote na kuendesha gari lolote analolikuta. Alichonacho ni swali, "mimi ni nani?", na uso unaouliza. Kumbuka kule kwenye boti la wavuvi katika Identity, anasimama mbele ya kioo akijiuliza kwa lugha zaidi ya moja. Uso ule kwenye kioo ndio hadithi yenyewe. Ukiubadilisha, unakuwa umeanza hadithi nyingine.

Gilroy alilijua hilo, ndiyo maana hakumwita Renner Bourne. Hapo apewe heshima yake. Tatizo ni jina lililowekwa kwenye bango.

"Legacy" ni urithi. Na mtu yeyote aliyewahi kukaa kikao cha ukoo baada ya arobaini anajua kwamba mirathi huanza na kifo. Kwanza mzike, mmalize msiba, mlipe madeni ya marehemu, ndipo mkae kugawana. Sasa hapa marehemu ni nani? Bourne hajafa. Ultimatum inaisha tukimwona kwenye maji, kimya, halafu ghafla anaanza kuogelea. Na filamu ya 2012 haimwachi apumzike: anatajwa ofisini, picha yake iko kwenye televisheni, jina lake limechongwa kwenye ubao wa kitanda kule Alaska, na Cross analala chini yake. Ni kama ndugu wamekaa sebuleni wanagawana mashamba huku mwenye mashamba anasikika uani anakoga. Nani atatulia hapo? Kila filamu inapomtaja Bourne ili ijipe uhalali, inatukumbusha tusimzoee huyu tuliyenaye.

Hata mwanzo wake ni mtego wa namna hiyo. Mwili wa mtu kwenye maji, umetulia, tunautazama kutoka chini. Kila aliyeona filamu za awali anajua picha hii ni ya nani. Kisha mwili unageuka, kumbe ni Cross, anazamia kuchukua kitu kwenye maji ya barafu. Gilroy anadhani anasalimia. Mtazamaji anajiona amechezewa.

Wasomaji wa blogu hii watavutiwa na jambo jingine. Jason Bourne alizaliwa kitabuni, mikononi mwa Robert Ludlum, mwaka 1980. Ludlum alifariki 2001, na mwaka 2004 mwandishi mwingine, Eric Van Lustbader, akatoa riwaya iliyoitwa The Bourne Legacy. Filamu imechukua jina hilo tu, hadithi hazihusiani. Lustbader aliendelea mpaka zikapita riwaya kumi. Kule kwenye vitabu mwandishi alibadilika, mhusika akabaki, na wasomaji wakaendelea kununua. Kwenye filamu ikawa kinyume: mwandishi alibaki, mhusika akaondoka, na watu wakanuna.

Sisi wa vitabu hatupendi kusikia hivyo. Tunapenda kuamini kwamba mwenye nyumba ni mwandishi. Lakini muulize mtu yeyote aliyekua akisoma Kufa na Kupona au Njama kwa kujificha chini ya dawati. Atakutajia Willy Gamba kwanza, halafu ndipo amkumbuke Elvis Musiba. Vivyo hivyo Joram Kiango na Ben Mtobwa. Waandishi wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Sasa fikiria leo inatoka riwaya yenye jina la Gamba kwenye jalada, ukifungua unakuta kijana mwingine kabisa kutoka ofisi ya jirani, na Gamba mwenyewe yumo kwenye picha iliyotundikwa ukutani. Ningeinunua? Ningeinunua. Ningelalamika? Kabla ya ukurasa wa thelathini.

Kwa hiyo siwacheki waliokuwa wanaulizia Damon. Waliahidiwa kitu. Ninachosema ni kwamba, wakiwa wanaangalia mlangoni, kuna mtu alikuwa anaongea nao na hawakumsikia.

Marehemu halisi

Turudi kwa Cross. Mwanzoni kule Alaska anafika kwenye kibanda cha magogo na kumkuta jasusi mwenzake, Namba Tatu (Oscar Isaac, kabla dunia haijamjua vizuri). Namba Tatu hataki maongezi. Cross anaongea. Anauliza hiki, anauliza kile, anatania, anachokonoa. Mara ya kwanza hilo lilinikera. Bourne alikuwa mtu wa maneno machache. Huyu mbona ana mdomo kama kinyozi?

Jibu linakuja baadaye sana, akiwa na Marta. Vidonge vya bluu vinaelekea kumwishia na hofu inamtoka wazi. Marta haelewi ni kwa nini mtu hodari hivi anatetemeka kwa ajili ya dawa. Ndipo anapomwambia. Jina lake ni Kenneth Kitsom. Alipotaka kuingia jeshini, kipimo chake cha akili hakikufika kiwango, na ofisa aliyemwandikisha akamwongezea alama 12 ili apite. Jeshi lilikuwa na njaa ya vijana. Baadaye Kenneth akatangazwa kuwa amefia Iraq, na kwenye maabara akatengenezwa mtu mwingine, Aaron Cross, mwepesi, mwerevu, anayeona vitu kabla havijatokea. Vidonge vikiisha, Kenneth anarudi.

Nilipoliona hilo vizuri, niliirudisha filamu nyuma mpaka kile kibanda cha Alaska, na yale maongezi yakabadilika kabisa. Bourne alizaliwa na akili yake, hana haja ya kuichezea. Cross amepewa ukubwani. Anaongea na kuuliza kama mtoto aliyepewa baiskeli mpya anavyopita mara kumi mbele ya nyumba moja. Renner anaigiza furaha hiyo, na chini yake anaigiza woga, bila kutuambia mapema ni woga wa nini. Ni uigizaji mzuri. Haukutarajiwa wa mtu aliyeshateuliwa kuwania Oscar kwa The Hurt Locker? Ulitarajiwa. Ila sisi tulikuwa tunapima anapiga ngumi kama nani.

Mtazame Bourne na huyu kwa pamoja. Bourne anakimbilia alikotoka. Akijua yeye ni nani, atapona. Cross anakikimbia alichotoka. Anajua vizuri sana yeye ni nani, na ndicho kinachomtisha. Hakuna filamu ya mfululizo huu iliyowahi kugusa jambo zito namna hii. Na halihusu wazungu wa maabara peke yao. Wapo wengi miongoni mwetu waliofika walipo kwa sababu mtu fulani aliongeza alama mahali fulani: mjomba mwenye ada, mwalimu mwenye huruma, mfadhili asiyejulikana. Mtu wa namna hiyo hulala na hofu moja, kwamba siku msaada utakatwa, na kila mtu ataona kuwa hakuwahi kustahili. Kenneth Kitsom ni hofu hiyo ikiwa na jina la ukoo.

Na hapa ndipo neno mirathi linapopata maana yake. Filamu hii ina marehemu halali, mwenye cheti cha jeshi kabisa. Ni Kenneth. Mrithi wake ni Cross: amerithi mwili wake, na deni lake. Huo ndio urithi uliopaswa kuandikwa kwenye bango. Studio ikaandika jina la mtu aliye hai, nasi tukaja na macho ya kumtafuta huyo.

Sindano

Kama filamu ingeishikilia hofu hiyo mpaka mwisho, leo nadhani tungekuwa tunaizungumza kwa sauti nyingine. Haikuishikilia.

Sehemu yake bora inafika mapema. Kwanza mauaji ya maabara, ambapo mwanasayansi mmoja anatembea kati ya meza akiwapiga risasi wenzake kwa utulivu wa mtu anayefunga madirisha. Kisha nyumba ya Marta porini. Wanafika maofisa, mwanamke mpole mbele, sauti ya kufariji, wamekuja kumhoji kuhusu hali yake baada ya msiba. Dakika chache baadaye wanaishika mikono yake kwa nguvu waiweke kwenye bastola, ionekane amejiua. Gilroy na mpigapicha wake Robert Elswit wanatulia na kamera, hawaitikisi kama Greengrass, na utulivu huo ndio unaotisha. Weisz anaigiza hofu ya mtu wa kawaida, inayojaa mate na kwikwi. Kibanda chetu kilinyamaza hapo. Hata mtafsiri alipunguza maneno.

Pia yule mbwamwitu wa Alaska: Cross anajikata, anatoa kifaa cha kumfuatilia kilichozikwa mwilini, anamlisha mbwamwitu, na kombora la ndege isiyo na rubani linamfuata mnyama. Ni ukatili wenye akili, na unatuambia kwamba Cross akitaka kuishi ataacha mwingine afe badala yake. Filamu haimuulizi tena kuhusu hilo.

Halafu tunafika Manila. Marta anamchoma sindano kiwandani ili akili yake ibaki bila kuhitaji vidonge tena. Anaumwa homa usiku mmoja. Anapona. Basi, imeisha. Ile hofu iliyobeba filamu nzima imetibiwa kwa sindano moja, na kilichobaki ni kukimbia. Byer anamtuma jasusi mwingine, wa programu mpya zaidi, LARX, ambaye hatujawahi kumsikia. Hana jina la maana, hana neno, hana sababu. Pikipiki zinapita sokoni, juu ya ngazi, katikati ya magari, na mwisho wa yote Marta anaipiga teke pikipiki ya adui, inagonga nguzo, amekufa. Mimi sina neno na teke la Marta, amelifanyia kazi. Lakini tuliyekuwa tunamsubiri ni Byer. Byer na Cross hawakutani hata mara moja isipokuwa kwenye kumbukumbu. Wanatuacha na mashua baharini, ramani, na ule wimbo wa Moby tuliouzoea.

Kwa hiyo waliosema "haina mwisho" walisema kweli. Mtu anapokuwa ameshapona, utamtisha na nini? Bourne alikimbizwa Moscow na Tangier lakini kila kona ilikuwa na swali lake ndani. Cross anakimbizwa Manila akiwa hana swali tena. Dakika 135, zaidi ya Ultimatum kwa dakika 20, na zile za mwisho ndizo nyepesi kuliko zote. Fikiria tu kama sindano ingechelewa, kama zile mbio zote angezikimbia huku Kenneth anarudi taratibu, anaanza kukosea njia, anasahau jina la Marta, na Marta anaanza kumwongoza yeye. Hapo ungekuwa na stelingi ambaye hata Damon mwenyewe hangeweza kuwa.

Mwenye nyumba anarudi

Mwaka 2016 Damon alirudi, na Greengrass. Filamu ikaitwa Jason Bourne tu, kama mtu anayebandika jina lake upya mlangoni. Cross haonekani humo. Hakuna kikao, hakuna maelezo.

Ukitaka ushahidi kwamba mwaka 2012 tulikuwa tunapima uso na si filamu, uko hapa. Wahakiki waligawanyika tena karibu nusu kwa nusu, kama walivyofanya kwa Legacy. Mimi naona ni filamu dhaifu zaidi: Bourne ameshajua yeye ni nani, kwa hiyo wanamtafutia siri nyingine, safari hii ya baba yake, kama ndugu wanaochimbua kaburi kuona kama kuna kilichosahaulika. Lakini iliingiza takriban dola milioni 415, na CinemaScore ikarudi na A-. Mtu aliyezeeka kidogo, anayesema maneno machache mno, akiwa na hadithi isiyo na haraka ya kuelezwa, alipokelewa kama mwana mpotevu. Mwenzake aliyekuja na hadithi mpya mkononi alipewa B na kusindikizwa.

Silalamiki sana. Mtazamaji hana wajibu wa kumpenda mgeni, na studio haikuwa na wajibu wa kutumia jina lile. Kama wangetoka nje wakajenga kibanda chao, wakaweka bango jipya, labda fedha zingekuwa kidogo na labda filamu isingetengenezwa kabisa. Lakini mnapochukua jina la mtu ili mjaze ukumbi, mjue ukumbi utamwulizia.

Nikipata nafasi ya kukaa tena nyuma ya yule kijana, dakika ile ya ishirini ningemgusa bega. "Kaka, stelingi ndiye huyo mwenye ndevu. Msikilize anavyoongea." Kisha sindano ya Manila ikishachomwa ningemgusa tena, nimwambie tutoke nje tukanywe chai, habari yetu imeishia hapo.